Mdokozi wa Usingizi

1

Subilaga hakuwahi kukaa mezani na zaidi ya kile kidogo kabisa kinachoruhusiwa. Wenzake waliingia Jamvini, ule mchezo wa karata wa kwenye simu, na usiku mia, fungu kamili, wakalipanga mbele yao kwenye kioo cha simu kama tofali zilizochomwa tayari kujengwa. Yeye aliingia na ishirini. Alikaa kimya, akatupa karata, akatupa tena, akatupa tena, mpaka watu wakasahau kama yupo. Zikimjia karata mbili za maana alisukuma zote ishirini katikati kwa mkupuo mmoja, kabla hata karata za mezani hazijafunuliwa. Hapo hakuna wa kumtisha, maana hana kilichobaki cha kutishiwa. Akishinda, alibeba na kuondoka bila kuaga.

Mezani walimwita mdokozi, jina la yule anayefunua sufuria jikoni na kunyofoa nyama kabla chakula hakijapakuliwa. Hakukasirika. Alikuwa mwonjaji wa chai katika kiwanda nje kidogo ya Tukuyu, na kazi yake ilikuwa hiyo hiyo: kufyonza kijiko kimoja, kuzungusha mdomoni, kutema ndooni, kusogea kwenye kikombe kinachofuata. Mwonjaji anayemeza huharibu ulimi kabla ya saa sita mchana. Mwenye pupa hadiriki kula tamu, wanasema, naye aliamini kwamba aliyeitunga methali hiyo aliwahi kushika karata.

Jamvini hapakuchezwa fedha. Ulivaa utepe kichwani, kile kitambaa chenye nyuzi za shaba kinachouzwa siku hizi hata kwenye vibanda vya vocha, nao ulichota usingizi wako wa mbele, usiku baada ya usiku, ukauweka akiba kama maji kwenye dumu. Usiku uliochotwa huwezi tena kuulala. Utajinyoosha kitandani macho makavu, usikilize panya darini mpaka kuche. Aliyeushinda anaulala yeye, juu ya usingizi wake mwenyewe, au humvisha utepe wake mtu wa nyumbani, jambo lisilowezekana kwa usiku zako mwenyewe, na waliolala mara mbili kila siku walikuwa hawazeeki upesi. Kuuza usingizi kulikuwa kumepigwa marufuku, na kupeana bure pia, kwa kuwa zawadi siku zote ni jina la pili la biashara. Mchezo peke yake haukuguswa. Sijui ni nani alisahau, au ni nani alikumbuka.

Ambakisye, mdogo wake, hakuwa mtu wa kudokoa. Aliingia na fungu kamili kwa kiburi cha ujana, akapoteza, akachota jingine, mpaka kisima kikakauka. Sasa alikuwa hajalala tangu mvua za mwisho. Alikaa sebuleni akiwa amejifunika blanketi, macho wazi, akiongea taratibu na kwa adabu kuliko alivyowahi kuongea maishani, na adabu hiyo ndiyo iliyomtisha dada yake. Sista Lugano wa zahanati alimweleza Subilaga bila kuzunguka. Kijana akipata usiku za nusu mwezi, mfululizo, za mtu mmoja, mwili unaweza kukumbuka kulala wenyewe. Asipozipata, wajiandae.

Ndiyo maana alasiri ile, kwenye meza iitwayo Mvule, Subilaga alipopata malkia wawili alisukuma ishirini zake, na mtu wa Kiti cha Sita akamfuata. Malkia walishinda. Usiku ishirini za mtu asiyemjua zikavuka meza na kujipanga mbele yake. Akanyanyuka, akatoka, akafunga simu, akacheka peke yake mpaka machozi yakamtoka.

2

Hakumvisha mdogo wake utepe siku ile. Alikuwa na desturi ya kazi: hunyweshi mtu kitu ambacho hujakionja. Jamvi walidai kwamba kila usiku huchujwa, ndoto za mwenyewe zikabaki huko zilikotoka, lakini chai nayo husemwa imechujwa, na machicha bado huyakuta chini ya kikombe. Jumamosi mchana, ukungu ukiwa umekaa juu ya migomba kama kawaida ya Tukuyu, alijifungia chumbani akavaa utepe na kulala usiku mmoja wa mgeni.

Alijikuta kwenye migomba, lakini si ya kwao. Ilikuwa imesongamana, ikiizunguka nyumba moja ya msonge, na sakafu ya nyumba ilikuwa imetandikwa majani makavu yanayonukia. Mlangoni aliketi binti wa miaka kama minane, amevaa sweta la shule lililofumuka mkono. Alimwamkia shikamoo, Subilaga akaitika, kisha binti akasema baba amechelewa leo, ila alimwachia maagizo kwamba mgeni akifika akaribishwe.

Akachukua tunda la kahawa lililokaushwa, akalibandua, akatoa punje mbili. Moja alimpa Subilaga, ya pili akaitia mdomoni mwake. "Kwetu mkitafuna punje za tunda moja," alisema, "mmekuwa ndugu. Tafuna basi."

Subilaga alitafuna, na kwa mazoea akageuza shingo kutafuta ndoo ya kutemea. Ndotoni hakukuwa na ndoo. Akameza.

Alipoamka ulimi ulikuwa mchungu wa kahawa. Alisukutua kwa maji ya chumvi, akapiga mswaki mara mbili, na Jumatatu kiwandani kila kikombe alichokifyonza kilikuwa na kahawa ndani yake. Mwonjaji wa chai hagusi kahawa, na yeye hakuwa ameigusa tangu aanze kazi. Msimamizi alimuuliza mbona anakunja uso, akasingizia jino.

Angeweza kuishia hapo. Lakini alitaka kuwa na hakika, akalala usiku wa pili. Binti alikuwa pale pale mlangoni, na safari hii hakusimama kumpokea.

"Umerudi wewe," alisema. "Baba naye atarudi lini?"

Subilaga alimuuliza kama baba yake huwa anachelewa. Binti akatikisa kichwa. Tangu walipomzika yeye mwenyewe, alisema, baba hajakosa hata siku moja. Akilala tu, huyu hapa anatokea kwenye migomba, wanakaa, wanaongea mpaka kwao kunapopambazuka. Jina lake lilikuwa Kokusima, na baba yake watu walimwita Kaijage. Aliyasema yote hayo kwa sauti ya mtoto anayesimulia mambo ya shuleni. Kisha akauliza, bila kumtazama, "Zimebaki ngapi?"

Aliamka akiogopa, wala hakujidanganya kwamba haogopi.

3

Kutazama meza hakukuwa na masharti. Aliifungua Mvule akiwa amesimama jikoni, na pale kwenye Kiti cha Sita mtu alikuwa bado ameketi. Hakuwa akicheza. Karata zote alizogawiwa alizitupa bila kuzitazama, na kila duru dau la lazima lilimkata kipande cha usiku, kwa kuwa anayekaa mezani hulipa hata kama hachezi. Alikuwa amebakiwa na ishirini alipoachwa. Sasa zilikuwa zimeshuka karibu na kumi. Chini ya meza, kwenye ubao wa maneno, alikuwa akirudia sentensi ile ile.

"Aliyeondoka na usiku zangu, kuna mtu ndani."

Wengine walimtania. Mmoja alimwambia mzee aende akalale, wote wakacheka kwa vile vikatuni vya kucheka. Mwingine, labda kwa huruma, alimweleza kwamba anajichosha bure: mdokozi harudi. Kiti cha Sita akajibu kwamba hana pa kwenda, maana zilizobaki mezani ndizo za mwisho kisimani mwake. Usiku mmoja wa zilizobaki alikuwa ameshaulala kutazama, aliandika, na nyumba ipo, migomba ipo, mlangoni hakuna mtu. Aliye ndani hawezi kuwa sehemu mbili.

Subilaga aliweka simu kifudifudi. Alielewa mambo yote kwa mara moja, na hakuna hata moja lililompendeza. Kumrudishia yule mtu kwa njia nyingine hakukuwezekana. Usingizi huvuka toka utepe mmoja kwenda mwingine kwa karata tu, na anakoishi yule mtu hakukujua. Na kurudi mezani kulikuwa na sheria yake, iliyotungwa hasa kwa ajili ya watu wa aina yake: ukiondoka na ushindi, kisha ukarudi meza ile ile kabla ya mwezi kuisha, utaketi na vyote ulivyoondoka navyo. Hakuna kuficha ulichoshinda nyumbani na kuja tena na fungu dogo. Angekaa na arobaini nzima, zake ishirini na za yule mtu ishirini, na zile mbili alizoonja azijaze kwa usingizi wake mwenyewe. Mbele ya watu wanne wenye mafungu makubwa, waliokuwa wakimngojea kwa hamu.

Isitoshe, mwenye fungu dogo hashindi zaidi ya alichoweka. Yule mzee akiwa na tisa, kwa duru moja angepata tisa tu kutoka kwa Subilaga. Ingebidi Subilaga apoteze kwake mara mbili, na wengine wasiingilie, na asiandike neno lolote la kupangana, kwa sababu mtambo unaosoma ubao ukinusa makubaliano hufunga meza na kutaifisha mafungu yote.

Na pale sebuleni alikuwapo mtu wa tumbo moja naye, na usiku zilizokwisha kupatikana zilitosha kumponya.

Alimweleza Ambakisye. Alikuwa ameapa hatamweleza, lakini alipomletea uji, na yule kijana akashukuru kwa ile adabu yake ya kutisha, maneno yakamtoka yote, mpaka ya punje za kahawa. Ambakisye alisikiliza bila kupepesa macho. Kupepesa kulikuwa kumeanza kumshinda.

"Nikilala humo," aliuliza mwishowe, "huyo mtoto ataniita nani?"

Subilaga alikoroga uji uliokuwa umeanza kupoa.

"Nenda ukacheze, dada. Mimi niliingia mezani kwa miguu yangu. Yeye alizikwa."

Akamwambia anyamaze, hajui asemalo, mtu asiyelala hana akili timamu. Kisha akaenda uani, akalia kwa kelele nyuma ya tanki la maji, akarudi, akavaa utepe.

4

Alipoketi na fungu la arobaini, ubao ulichangamka. Mdokozi karudi, waliandika, mdokozi kashiba leo. Hakuwahi kuona kitu kizito namna ile mbele yake. Fungu dogo lilikuwa na raha yake: uamuzi mmoja, kusukuma au kutupa, basi. Sasa kila karata ilikuwa na maswali matatu nyuma yake, na alihisi kama mpangaji wa chumba kimoja aliyekabidhiwa funguo za nyumba nzima.

Kiti cha Sita alikuwa na tisa. Alitupa karata, akatupa tena. Subilaga alifikiri sana, kisha akaandika kitu ambacho mtambo usingekielewa.

"Nilitafuna punje moja. Mwenyeji wangu akatafuna ya pili."

Mmoja aliuliza kama mdokozi sasa anauza vyakula. Karata zilizofuata Kiti cha Sita hakuzitupa. Alisukuma tisa zake zote katikati.

Watu wanne walitupa, zamu ikamfikia Subilaga. Alifunua zake akakuta ree ya kopa na ree ya shupaza, karata kubwa kupita zote. Katika miaka yake yote ya kudokoa alikuwa amezingoja karata hizo kama mtu angojavyo mgeni wa heshima, na kila zilipokuja alisukuma bila kuhema. Akifuata nazo sasa, karibu kwa yakini angemmaliza yule mzee. Akatupa ree mbili, na Kiti cha Sita akaokota madau ya lazima tu, makombo.

Duru iliyofuata hakutaka kujua ana nini. Alisukuma arobaini zote bila kufunua, ili wale wanne waogope, nao wakaogopa, wakatupa mmoja mmoja. Mdokozi kawa simba, aliandika mmoja wao. Kiti cha Sita alifuata na vyote alivyonavyo. Karata zikafunuliwa, kwa kuwa hapakuwa na cha kuongeza.

Mzee alikuwa na wafalme wawili. Subilaga alikuwa na saba ya uru na mbili ya pau, karata mbovu kuliko zote zinazoweza kumfikia mtu, na alipoziona alipumua kwa furaha ambayo mshindi yeyote pale mezani asingeielewa. Mara moja hii, alijisemea, kisha mara moja tena, kisha narudi kwa Ambakisye mikono mitupu na nitajua la kumwambia.

Mezani zikashuka karata tatu za kwanza. Saba. Mbili. Kumi.

Alizitazama akidhani ameona vibaya. Jozi mbili, dhidi ya jozi moja ya wafalme. Ikashuka ya nne, kijana wa shupaza. Aliomba mfalme, au ya tano iwe kumi au kijana, ili mzee naye apate jozi ya pili, kubwa kuliko zake. Aliomba kwa sauti, jikoni kwake, kama aombavyo aliyefiwa. Ya tano ilikuwa nne.

Fungu la Kiti cha Sita lilivuka meza na kujipanga mbele yake, safi, kimyakimya. Maisha yake yote Subilaga alikuwa amejifunza namna ya kushinda kwa kidogo. Kupoteza hakuna aliyemfundisha, na hakujua kwamba nako hakutegemei mtu anachotaka.

Ubao ukatoa mstari mmoja kabla kile kiti hakijageuka rangi ya majivu.

"Mwambie niko njiani."

5

Alisubiri wiki nzima akiitazama meza ya Mvule, na Kiti cha Sita kikakaliwa na mtu mwingine, mcheshi, mwenye fungu kamili. Jina la Kaijage alilitafuta, halikuonekana mahali popote. Nimemuua mtu, alisema Subilaga, na Sista Lugano, aliyekuja kumpima Ambakisye, akamwuliza ni mtu gani, naye akamtajia Kiti cha Sita, jina ambalo zahanati haina pa kuliandika.

Alimvisha mdogo wake utepe, kwa sababu sasa kutomvisha kusingemrudishia yeyote chochote. Alimvisha kwa mikono mizito, akakaa kando ya kitanda. Ambakisye alifumba macho, uso wake ukalegea, na kwa mara ya kwanza baada ya kitambo nyumba ile ikasikia mtu akikoroma.

Asubuhi alikuwa na rangi. Alisema alimkuta mtoto mlangoni na baba yake. Yule mzee alimsogezea kigoda, kisha akaendelea kumsuka binti nywele, polepole, kama mtu asiye na haraka ya kwenda popote.

Siku ya tatu Ambakisye aliamka viganja vimechubuka. "Mgeni siku mbili," alisema akivitazama, "ya tatu mpe jembe. Amenipalilisha migomba, yule mzee." Alicheka, na Subilaga akacheka naye, macho kwenye michubuko. Alimwuliza kama mtoto bado anauliza zimebaki ngapi. Ambakisye akasema kila siku, na kwamba sasa wanauliza wote wawili.

Nusu mwezi ilipokaribia, kila usiku uliolalwa ulimwuma Subilaga. Alikuwa akilipa uhai wa nduguye kwa nyumba ya watu, chumba kwa chumba. Siku moja kabla ya kutimia, Ambakisye aliushika ule utepe Subilaga aliponyanyua mkono kumvisha, akausukuma kando kwa upole.

"Hizo zilizobaki ni za wenyewe."

Subilaga alimkumbusha alichosema Sista, mfululizo, pasipo kukatiza. Akamwambia akikosea hapa hakuna tena pa kudokoa. Ambakisye akajibu kwamba anajua, na akalala chali, kichwa kitupu, mikono juu ya kifua. Ilikuwa alasiri, mvua ya rasharasha ilikuwa ikigonga bati. Dada yake aliukunja utepe, akautia ndani ya kopo la majani ya chai, akafunga kifuniko. Kisha akakaa akimwangalia. Macho ya mdogo wake yalikuwa wazi, yakitazama dari.

Yalikaa wazi muda mrefu. Subilaga alijilaumu kwa yote, kwa malkia wale wawili, kwa kumeza, kwa kurudi mezani. Aliinuka kwenda kulichukua kopo. Alipogeuka, macho yalikuwa yamefumba.

Hakuthubutu kumgusa. Aliinamisha sikio, akasikia pumzi inaingia na kutoka, nzito, ya mtu aliyelala usingizi wake mwenyewe. Akafurahi, akapiga magoti palepale pembeni ya kitanda, uso wake karibu na uso wa mdogo wake.

Ndipo akaona taya linakwenda taratibu. Alikuwa akitafuna. Midomo ikaachana kidogo, na pumzi iliyotoka, katika nyumba ambayo haijawahi kuingizwa kahawa, ilinukia kahawa tupu.

"Karibuni," alisema Ambakisye usingizini. "Piteni ndani, wote wawili. Hapa hakuna wa kuwahesabia usiku."